Anayekata na Anayefunga

Mwezi Septemba 2015 magazeti ya nchi nyingi yalichapisha picha ya kifaa ambacho wengi hawakuwahi kukiona: kidari cha madini ya titani, kikiwa na vipande vya mbavu pande zote mbili. Kidari hicho kilikuwa kimekwisha kuwekwa ndani ya kifua cha mwanamume wa miaka 54 katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Salamanca, Hispania. Mtu huyo alikuwa na saratani kwenye ukuta wa kifua. Wapasuaji waliondoa kidari chake pamoja na sehemu ya mbavu, wakaweka titani mahali pake, na baada ya siku 12 akaruhusiwa kwenda nyumbani. Kifaa kilibuniwa na kampuni ya Anatomics ya Melbourne kwa kufuata picha za CT za kifua chake mwenyewe, kisha kikachapwa katika maabara ya CSIRO, shirika la sayansi la taifa la Australia, kwa mashine yenye thamani ya dola milioni 1.3 za huko. Mashine hiyo huyeyusha unga wa titani kwa mwale wa elektroni, tabaka baada ya tabaka, mpaka umbo litimie.

Habari ile ilistahili kusomwa, lakini iliwaacha wasomaji wengi wakiamini kwamba ugunduzi mkubwa katika kazi hii ni chuma. Mimi naona chuma ni cha tatu. Kabla yake ilibidi binadamu wajue kukifungua kifua bila mgonjwa kufia mezani. Ilibidi pia wajue kwamba nyama ya mtu inaweza kuhamishwa kutoka upande mmoja wa mwili hadi mwingine ikiwa bado hai, na hilo lina zaidi ya miaka mia moja. Ndilo linalotuhusu zaidi watu wa Afrika Mashariki, kwa kuwa halihitaji mashine ya dola milioni. Linahitaji mpasuaji aliyefundishwa.

Weka kiganja ubavuni kisha uvute pumzi. Mbavu zinainuka na kutanuka. Mapafu hayana msuli wake wa kuvuta hewa. Yanaufuata ukuta tu. Mbavu zinapotanuka, na kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, kinaposhuka, nafasi ya ndani huongezeka na hewa huingia kwa pua na mdomo. Kati ya pafu na ukuta kuna utando wenye majimaji kidogo, na shinikizo la mle ndani liko chini ya shinikizo la hewa ya nje. Hilo ndilo linalolifanya pafu ligandamane na ukuta na kutanuka nao. Ukuta ukitobolewa, hewa ya nje huingia kwa kupitia tundu, pafu hunywea, na mgonjwa huanza kukosa pumzi hata kama pafu lenyewe halijaguswa na kisu.

Ndiyo maana wapasuaji wa karne ya 19, waliokuwa wameshazoea kupasua tumbo, walisita walipofika kwenye mbavu. Wazo la kuwasaidia lilikuwepo tangu 1543, pale Andreas Vesalius alipoeleza katika kitabu chake cha anatomia kwamba mnyama aliyefunguliwa kifua huendelea kuishi akipulizwa hewa kwa kipande cha tete kilichoingizwa kwenye koo la pumzi. Ilipita zaidi ya karne tatu kabla ya wazo hilo kufika kwenye meza ya upasuaji wa saratani ya mbavu. Mwaka 1898, New Orleans, Frederick Parham alikata uvimbe wa ukuta wa kifua huku hewa ikisukumwa kwa mvukuto na mrija hadi kwenye mapafu ya mgonjwa.

Miaka sita baadaye, mjini Breslau (leo Wrocław, Poland), kijana Ferdinand Sauerbruch alifuata njia iliyo kinyume kabisa. Badala ya kusukuma hewa ndani ya pafu, aliipunguza nje. Alijenga chumba kisichopitisha hewa, akawaingiza humo mgonjwa na wapasuaji wenyewe, kichwa cha mgonjwa kikabaki nje kupitia tundu lililozibwa kwa mpira shingoni. Hewa ya chumbani ikapunguzwa shinikizo, na pafu lililokuwa wazi likabaki limetanuka. Ulikuwa ubunifu mkubwa, na ulimpa Sauerbruch sifa ya Ulaya nzima, lakini chumba kilikuwa kizito na cha gharama, na daktari wa usingizi alilazimika kukaa nje yake. Muda ukaamua kwa upande wa mrija. Leo daktari wa usingizi anaweza kuingiza mrija wenye njia mbili, alipumulishe pafu moja na kulipumzisha lile la upande unaofanyiwa kazi, na mpasuaji akaona vizuri anachokata.

Baada ya hapo swali likabadilika. Kifua kinafunguka, na mgonjwa yu hai. Je, akatwe kiasi gani?

Saratani zinazoanzia kwenye ukuta wenyewe wa kifua si nyingi. Kwa watu wazima, ile inayoonekana zaidi katika mifupa ya hapo ni kondrosakoma, saratani ya gegedu, ambayo mara nyingi hukaa pale ubavu unapokutana na kidari. Saratani hii haisikii sana dawa wala mionzi. Tumaini la mgonjwa ni kisu. Nyingine huja kutoka jirani: saratani ya pafu inayojipenyeza hadi mbavuni, au saratani ya titi iliyorudi mahali ilipoondolewa, au iliyoachwa muda mrefu ikala ngozi, msuli na mfupa.

Mpasuaji akikata pembezoni kabisa mwa uvimbe, huacha mbegu zake zisizoonekana kwa macho. Mwaka 1986 madaktari wa Mayo Clinic, jimbo la Minnesota, walichapisha hesabu ya wagonjwa wao wa saratani za ukuta wa kifua. Kati ya wale walioondolewa uvimbe pamoja na nyama nzima ya sentimita 4 au zaidi kuuzunguka, asilimia 56 walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa baada ya miaka mitano. Kati ya wale walioondolewa sentimita 2 tu za nyama nzima, ni asilimia 29. Sentimita mbili, upana wa kidole gumba, zilitenganisha makundi hayo mawili.

Hesabu yake ni nzito. Uvimbe wa sentimita 6 ukiondolewa na sentimita 4 za kila upande, tundu linakuwa na upana wa sentimita 14. Hapo pafu liko wazi, pengine na moyo unaonekana ukipiga. Mpasuaji asiyejua atalifungaje tundu hilo ataanza kubana mkono wake akiwa bado anakata. Ataacha kidogo huku, ataacha kidogo kule, ili ngozi ifike. Ugonjwa utarudi kupitia kile alichokiacha. Ndiyo sababu nashikilia kwamba ujuzi wa kufunga si kazi ya urembo inayofuata baada ya tiba. Ni sehemu ya tiba ya saratani yenyewe, kwa sababu ndio unaompa anayekata uhuru wa kukata panapostahili.

Aliyeliona jambo hili mapema kuliko wengi ni Mwitaliano, Iginio Tansini. Wakati huo, miaka ya 1890, saratani ya titi ilitibiwa kwa kuondoa titi lote na misuli iliyo chini yake. Tansini aliamini kwamba ngozi iliyolifunika titi nayo lazima iondolewe kwa upana, maana aliona ugonjwa ukirudi palepale kwenye ngozi iliyosazwa. Lakini ukiondoa ngozi yote, utafunika kwa kitu gani? Mwaka 1896 alieleza njia yake: kukata kipande cha ngozi ya mgongoni, kikiwa bado kimeshikamana na mwili upande wa kwapa, kisha kukigeuza mbele hadi kwenye kidonda.

Ilifanya kazi nusu. Kipande kilifika, lakini sehemu yake ya mbali iligeuka rangi, ikafa. Wengi wangeridhika au wangeacha. Tansini aliuliza damu ya ngozi ile inatoka wapi. Uchunguzi wa maiti ukatoa jibu: ngozi ya mgongo hailishwi kutoka pembeni tu. Inalishwa kutoka chini, na vijishipa vinavyopenya kutoka kwenye msuli mpana wa mgongo, ule unaoanzia kiunoni na kwenye uti wa mgongo, unapanda ukisinyaa mpaka unajifunga juu ya mfupa wa mkono, karibu na kwapa. Msuli huo una ateri yake kubwa inayotoka kwapani na kuingia kwa ndani. Ukiichukua ngozi peke yake unaiacha bila chakula. Ukiichukua pamoja na msuli, na ukailinda ile ateri ya kwapani, kipande chote kinabaki hai popote utakapokipeleka, alimradi ateri haijavutwa wala kusokoteka.

Mwaka 1906 Tansini alichapisha njia mpya: ngozi na msuli pamoja. Naona huu ni miongoni mwa ugunduzi mzuri sana katika upasuaji, kwa sababu ulitokana na mtu kuheshimu kushindwa kwake mwenyewe akakufanyia utafiti. Wapasuaji kadhaa wa Ulaya waliifuata kwa miaka kadhaa.

Kisha ikasahaulika. Marekani, William Halsted wa Johns Hopkins ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu saratani ya titi, na yeye hakutaka kidonda kifunikwe kwa nyama nene iliyohamishwa. Hofu ilikuwa kwamba ugonjwa ukirudi ungejificha chini yake. Uzito wa jina lake ulitosha. Mnamo 1950 msuli wa mgongo ulitumika tena kujenga sehemu ya mbele ya kifua, lakini ilibidi kusubiri mpaka miaka ya 1970, pale Neven Olivari wa Ujerumani alipouandika upya mwaka 1976, ndipo ulipoingia katika mafundisho ya kila siku. Miaka 70 ilipita. Katika miaka hiyo wanawake wengi waliishi na vidonda vya kifua visivyofunga, na jibu lilikuwa limekwisha kuchapishwa.

Kinachofanyika leo ni hiki. Mgonjwa analazwa ubavu. Msuli wa mgongo unaachanishwa taratibu na mbavu, na kiuno, na uti wa mgongo, mpaka unabaki umening'inia kwa ateri na vena yake kwapani. Pamoja nao inaweza kuchukuliwa ngozi yenye upana wa sentimita 8 hivi na kidonda cha mgongoni bado kikafungika kwa nyuzi. Unapitishwa chini ya ngozi ya kwapa, unatokea mbele, unatandazwa juu ya tundu. Msuli huo unaweza kufika hadi kidarini. Tundu likiwa katikati ya kifua, mara nyingi hutumika msuli mkubwa wa kifua wenyewe. Likiwa chini, msuli wa tumbo hupandishwa juu. Na ikiwa yote hayo yameharibika, kuna utando wa mafuta unaofunika utumbo, ule ambao kila aliyewahi kuchinja mbuzi anaujua. Mwaka 1963 Ion Chiricuță wa Cluj, Romania, aliandika jinsi ya kuutoa tumboni, ukiwa na mishipa yake, na kuupandisha kifuani. Una damu nyingi, unajipinda kufuata umbo lolote, na ngozi ya kupandikizwa hushika juu yake.

Damu ndiyo siri ya yote haya. Nyama iliyohamishwa ikiwa hai huleta chembe nyeupe za kupambana na vijidudu, huleta dawa aliyopewa mgonjwa, huziba mapengo ambamo usaha ungejikusanya. Kwa aliyewahi kupigwa mionzi hili ni kubwa zaidi. Mionzi huua saratani, lakini huacha mishipa midogo ya eneo lile imebana na ngozi imekuwa ngumu. Miaka mingi baadaye ngozi hiyo inaweza kupasuka, mbavu zilizo chini zikafa, kikatokea donda ndugu lisilosikia dawa yoyote ya kupaka. Halitapona kwa sababu nyama yote inayolizunguka nayo haina damu ya kutosha. Lazima iletwe nyama kutoka mahali ambapo mionzi haikufika.

Sasa tuje kwenye ugumu wa ukuta, maana msuli peke yake ni laini. Mtu akikosa mbavu kadhaa, sehemu ile hucheza kinyume: akivuta pumzi, inabonyea ndani, akitoa, inatuna nje. Nguvu ya kuvuta hewa hupotelea hapo. Kikohozi kinakuwa dhaifu, makohozi yanabaki chini, na nimonia inafuata. Wapasuaji hupima hivi: tundu la chini ya sentimita 5 kwa kawaida halihitaji kuwekewa kitu kigumu. La mgongoni, chini ya kombe la bega, linaweza kufika hata sentimita 10, kwa sababu mfupa ule bapa unalifunika. Lakini likiwa usawa wa ncha ya chini ya kombe hilo, hata kama si kubwa, huwekewa, kwani ncha inaweza kudumbukia ndani na kunasa mtu anapoinua mkono. Na kifua kilichokakamazwa na mionzi huvumilia tundu kubwa zaidi kuliko kifua laini. Hapa hakuna kanuni moja ya watu wote. Kila kifua hupimwa chenyewe.

Kitu cha kwanza kilichoenea kilikuwa wavu. Francis Usher, mpasuaji wa Houston, alianza mwaka 1958 kutumia wavu uliofumwa kwa nyuzi za polithini kufunga ngiri, akauita kwa jina la kiwandani, Marlex. Mwaka 1960 yeye na wenzake walitoa taarifa ya kuutumia kwenye matundu ya ukuta wa kifua. Wavu hushonwa ukiwa umevutwa kila upande, na tishu za mwili huota katikati ya matundu yake mpaka vinakuwa kitu kimoja. Baadaye nafasi ya polithini ilichukuliwa na polipropilini, na hiyo ndiyo iliyo katika nyavu nyingi za hospitali hadi leo.

Wavu huu una kisa chake upande wetu. Januari 2016 madaktari wa Uganda na Sweden walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Kamuli, mashariki mwa Uganda, kwa wanaume 302 wenye ngiri ya kinena. Nusu walifungwa kwa wavu wa hospitali wa bei ya kawaida, takriban dola 125. Nusu nyingine walifungwa kwa kitambaa cha chandarua cha polithini, kisicho na dawa ya mbu, kilichokatwa na kutakaswa kitaalamu kuua vijidudu, ambacho gharama yake haikufika dola moja. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja katika kundi la chandarua, na hakuna katika lile jingine; matatizo ya kidonda yalilingana. Jaribio lile lilihusu ngiri na halithibitishi chochote kuhusu kifua, ambako wavu hubeba mzigo wa pumzi mchana na usiku. Hata hivyo linaonyesha kwamba bei ya kifaa na ubora wake ni mambo mawili, na kwamba maswali ya namna hiyo yanaweza kuulizwa na kujibiwa katika wilaya ya Uganda kwa kiwango kinachokubalika duniani.

Tundu likiwa kubwa, au likiwa mbele ambako umbo la kifua linaonekana, wavu mtupu hautoshi. Mwaka 1981 Patricia McCormack wa Memorial Sloan Kettering, New York, alieleza njia ambayo bado inatumika sehemu nyingi: nyavu mbili na saruji ya mifupa katikati. Saruji hiyo ni ile wanayotumia madaktari wa mifupa kushikiza nyonga za bandia. Unga na kimiminika vikichanganywa hukakamaa kwa dakika chache huku vikitoa joto kali. Kwa hiyo huundwa nje ya mwili, ikapindwa kufuata mviringo wa kifua ingali laini, ikaachwa ipoe, kisha pindo la wavu lililobaki bila saruji likashonwa kwenye mbavu zilizosalia. Hakuna oda ya kusubiri kutoka ng'ambo. Upungufu wake ni kwamba bamba hilo halipindi mtu anapopumua, na vijidudu vikishaingia humo mara nyingi hulazimu litolewe.

Titani ilikuja kutatua hayo. Ni nyepesi, mwili huipokea, na bamba lake linaweza kuwa jembamba kiasi cha kupinda kidogo na pumzi. Zipo za kukatwa na kuunganishwa mezani, ubavu kwa ubavu, na zipo za kuchapwa kwa kipimo cha mtu mmoja kama ile ya Salamanca. Za kuchapwa huokoa muda mgonjwa akiwa amelala, kwa sababu kazi ya kupima imekwisha kabla hajaingia. Lakini uvimbe hausubiri kiwanda. Kati ya picha ya CT na kifaa kufika kuna majuma, na katika majuma hayo mpasuaji huomba mipaka aliyoichora isipitwe na ugonjwa. Bamba nalo huweza kukatika. Kifua hupumua zaidi ya mara elfu ishirini kwa siku, na chuma kinachopindwa mara nyingi hivyo mwishowe huchoka.

Na hapa ndipo narudi kwa Tansini. Iwe wavu, saruji au titani, kikiwekwa kifuani kisha kikafunikwa kwa ngozi nyembamba iliyovutwa, ngozi itafunguka na kifaa kitatokeza. Kila kimojawapo huishi kwa sababu juu yake kuna msuli wenye damu. Madaktari wa Salamanca nao walihitaji kufunika titani yao. Picha za magazeti hazikuonyesha nyama, kwa hiyo wasomaji hawakujua.

Wengi wa wanawake wa ukanda wetu wenye saratani ya titi hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Baadhi yao wana kidonda kilichokwisha kufunguka, chenye harufu, kinachowafanya wajitenge hata na mlo wa pamoja. Huwa wanaambiwa, na pengine na watu wanaowatakia mema, kwamba kidonda kama hicho hakishikiki. Si kweli kwa wote. Ikiwa ugonjwa haujasambaa mbali, au ikiwa dawa zimeupunguza kwanza, kuna ambao kifua chao kinaweza kukatwa kwa upana na kufunikwa kwa msuli wa mgongo. Hata pale ambapo kupona hakutarajiwi, kuondoa kidonda kinachonuka na kutoa damu kunaweza kumrudishia mtu nafasi yake mbele za watu, na hilo ni tiba halali. Chuo cha wapasuaji wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika, COSECSA, ambacho makao yake yako Arusha, kinafundisha wapasuaji wa kifua na wa kurekebisha maumbile. Kama ningepewa fedha ya mashine moja ya kuchapa titani, ningeipeleka yote kwenye nafasi za masomo ya wapasuaji hao na madaktari wa usingizi wa kufanya nao kazi.

Kwa mwenye uvimbe mgumu ubavuni au kidarini, unaokua, au maumivu ya sehemu moja ya kifua yasiyotulia kwa majuma, jambo la kujihadhari nalo ni haraka ya kuutumbua. Uvimbe wa saratani ukichanwa kama jipu, chembe zake humwagika kwenye nyama safi, na tundu la kukatwa baadaye huongezeka upana. Inatakiwa picha kwanza, kisha kinyama kichukuliwe kwa sindano, na sindano hiyo ipite mahali ambapo kisu kitapita baadaye, ili njia yake nayo iondolewe pamoja na uvimbe. Na kabla ya kutia sahihi, mgonjwa au ndugu zake wana haki ya kumuuliza daktari: mtafunga kwa kitu gani, na nani atafunga? Palipo na utaratibu mzuri, anayekata na anayefunga huwa wamekaa pamoja juu ya picha zilezile kabla ya siku ya upasuaji.

Watu huuliza mkulima aliyechukuliwa msuli wa mgongo atashikaje jembe. Misuli mingine ya bega hubeba sehemu kubwa ya kazi yake, na baada ya miezi ya mazoezi wengi hurudi kwenye shughuli zao. Udhaifu huonekana zaidi katika kuvuta kwa nguvu kutoka juu kwenda chini: kukwea mnazi, kupasua kuni, kutembelea magongo. Kwa hiyo anayeishi kwa kazi hizo aseme mapema, maana wakati mwingine upo msuli mwingine wa kutumia. Majimaji hujikusanya mgongoni pale msuli ulipotoka na huweza kuhitaji kunyonywa kwa sindano zaidi ya mara moja. Siku za kwanza kazi kubwa ya mgonjwa ni kukohoa, jambo linalouma, akiwa amekumbatia mto kifuani huku akipewa dawa za maumivu za kutosha. Anayeogopa kukohoa hupata nimonia. Mvutaji wa sigara huambiwa aache mapema, kwani nikotini hubana ile mishipa midogo ambayo kipande kilichohamishwa kinaitegemea.

Watoto wana shida yao. Saratani ya Ewing hushambulia mbavu za watoto na vijana, na wengi kati yao sasa hutibika kwa dawa zikifuatiwa na upasuaji. Lakini mtoto aliyeondolewa mbavu tatu akiwa na miaka mitano anaendelea kukua, na bamba la titani halikui. Upande mmoja wa kifua hubaki nyuma, na uti wa mgongo unaweza kupinda. Robert Campbell, daktari wa mifupa wa San Antonio, Texas, alibuni ubavu wa titani wenye sehemu ya kurefushwa kwa ajili ya watoto wenye vifua vilivyodumaa. Ulikubaliwa rasmi Marekani mwaka 2004, na hurefushwa takriban kila miezi sita kwa upasuaji mdogo. Kwa mtoto wa saratani, baadhi ya wapasuaji huutumia huo. Wengine hupendelea wavu unaoyeyuka wenyewe na msuli juu yake, wakiacha makovu ya mwili yakaze taratibu. Vyovyote watakavyochagua, mtoto huyo hupimwa mgongo na pumzi kila mwaka mpaka amalize kukua, na mzazi aelezwe hivyo tangu siku ya kwanza, ili asidhani kwamba kidonda kikishafunga safari ya hospitali nayo imekwisha.